Tangi la Samaki Sebuleni Gitega

Nilipaswa kulikataa lile tangi. Mwaka 1991 daktari wa meno niliyekuwa dereva wake alirudi Ubelgiji akaniachia akwariamu yake ya maji ya chumvi, pamoja na samaki wake wa mapambo, vitatange, pampu, mawe ya matumbawe na ndoo sita za chumvi ya bahari. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwahidi baba kumpeleka Tanga akamwone dada yake. Nikasema moyoni: basi bahari imekuja yenyewe.

Baba alilipenda kuliko nilivyotarajia. Kila Ijumaa baada ya swala tulikunja kanzu tukaanza kazi. Mimi nilinyonya maji machafu kwa mpira, ndoo mbili, yeye akikwangua mwani kwenye kioo kwa wembe wa zamani. Maji mapya tulikuwa tumeyaacha siku mbili kwenye pipa ili dawa ya bomba itoke, kisha nikayatia chumvi. Daktari aliniachia kipimo cha chumvi, lakini baba alichovya kidole, akaonja, akatema nje ya dirisha.

"Bado. Haya ya mtoni."

Nilipopima nilikuta yuko sahihi, nikaongeza chumvi kidogo.

Mara moja tu nilikosea vibaya. Maji yalipungua kwa joto la taa, nami nikajaza yenye chumvi. Baba akaonja, akanitazama kama mtoto wa chuoni aliyekosea aya.

"Kinachoruka ni maji, mwanangu. Chumvi haina mabawa. Tia maji matupu."

Umeme ukikatika alichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, ili samaki wapate hewa, hata saa nzima, akiwasimulia habari za Tanga. Jirani yetu wa mtaani Gitega, fundi cherehani, alichungulia mlangoni.

"Mzee, hii samaki iko ya kupika siku gani? Sisi tunakula maharage tu."

"Huyu kitatange ni mgeni wangu," baba akamjibu. "Wewe nitakupika kwanza."

Shangazi aliandika barua kila baada ya miezi michache: macho yake yanapungua, kaka aje upesi. Baba aliniletea barua, nami nikamjibu vilevile kila mara.

"Tukiondoka, baba, nani ataonja maji?"

Alicheka, akairudisha barua mfukoni. Nilijua mke wangu angeweza. Alishatuona tukifanya mara nyingi. Vita vilikuwa kaskazini mwa nchi, lakini njia ya Rusumo, mpakani, ya kwendea Tanga, ilikuwa wazi, na likizo nilikuwa nayo. Ukweli ni kwamba nilizipenda zile Ijumaa, mimi na yeye, mikono imelowa hadi viwikoni. Sikutaka kumgawa na mtu.

Mwaka 1993 baba alishikwa na homa, siku nne, akafariki. Hakumwona dada yake, ambaye hakuwa ameonana naye tangu ujana wao. Nilimwandikia shangazi habari za msiba; hakuandika tena.