Kavu ya Kamba, Kavu ya Kiti

Karakanani walimwita Kamba, na kila mgeni alielezwa mapema kwamba si kwa sababu ya kuwafunga watu kamba za uongo. Alisokota kamba za mkonge tangu utotoni katika banda la baba yake, mpaka kamba za nailoni zilipojaa sokoni na banda likafa kifo cha taratibu. Baadaye alisikia kwamba kuna karakana ya viti vya plastiki inayotafuta mtu anayeujua mkonge. Alicheka peke yake. Plastiki iliyomfukuza kazini sasa ilikuwa inamwita tena, tena kwa adabu.

Kazi yenyewe haikuwa na mafumbo. Madumu na ndoo zilizopasuka huoshwa, husagwa, kisha huyeyushwa. Kiti cha plastiki hiyo peke yake hulegea juani, na siku kikiamua kuvunjika hakitoi taarifa. Lakini ukichanganya nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi fupi, zikashikana na plastiki ndani kwa ndani, kiti kinapata mifupa. Neno hilo la mifupa lilikuwa la Mhandisi, mwanamume mpole aliyekuwa akitafuna karanga kila anapofikiri, na kwa kuwa alifikiri sana, meza yake ilikuwa imejaa maganda. Kazi ya Kamba ilikuwa kuandaa nyuzi: kuzichana, kuziosha kwa magadi, kuzikausha, kuzikata.

Nyumbani kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Mama yake alikuwa mwanamke wa mwili, na mwenyewe hakuona haya kwa hilo. Akitaka kupita mlangoni alisema, "Nipisheni, lori linarudi nyuma." Lakini siku moja alikuwa amempakata mjukuu kwenye kiti cha plastiki, miguu ya kiti ikatawanyika na wote wawili wakaenda chini. Mtoto alichanika kidogo kwenye paji la uso, akapona, akasahau. Bibi hakusahau. Tangu siku hiyo hakupakata mtoto tena, hata kitandani, hata kwenye benchi la mbao.

Sasa kitinda mimba wa nyumba ile, mdogo wake Kamba, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza na amekuja kupumzika kwa mama. Bibi alikuwa akiinama juu ya kichanga huku mikono ameifunga nyuma, kama mtu dukani anayeogopa kuvunja vyombo. Mdogo mtu alikuwa analia kwa siri.

"Mama, mshike tu kidogo," Kamba alimwambia.

"Nyie si ndio watengeneza viti? Nitengenezee kinachonibeba mimi. Nikikaa kisilie, nitampakata."

Alisema akicheka, lakini wote walijua hatanii.

Kamba alimwomba Mhandisi, na Mhandisi hakuwa na pingamizi, kwani kalibu pana ya kumiminia kiti cha watu wazito ilikuwa tayari na ilihitaji kujaribiwa. Nyuzi za kiti hicho Kamba hakumwachia mtu mwingine. Alizichana mpaka zikang'aa. Zilipoanza kuruka ruka na kumchoma vidole wakati wa kukata, alichovya mkono kwenye maji akazinyunyizia, kama alivyofundishwa na baba yake, kisha akazikung'uta na kuzipitisha shavuni.

"Zimekauka?" Mhandisi aliuliza.

"Kavu kabisa."

Kiti kilitoka kizuri, rangi ya kahawia, nyuzi zikionekana kwa mbali ndani yake. Mhandisi alitaka kwanza kukilaza chini ya mifuko ya mchanga. Kamba alimbembeleza mpaka akachoka kukataa, kisha Kamba akakibeba kichwani hadi nyumbani jioni ile ile.

Mama alikizunguka, akakigonga kwa kidole, akajikaza na kukaa. Mdogo mtu alikuwa amesimama pembeni na mtoto mikononi, tayari. Kiti kikalia kwi. Kisha kikalia kwa sauti nyingine, kubwa, na ufa ukapita katikati ya mahali pa kukalia. Mama aliushika ukuta, akanyanyuka mwenyewe, akajipangusa kanga.

"Kazi nzuri, mwanangu," alisema. "Kitoeni nje."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Kamba aliingia jikoni akajifanya anatafuta sufuria, na huko alilia mpaka akaishiwa na machozi.

Kesho yake alikirudisha karakanani. Mhandisi hakusema "nilikwambia," jambo lililomuumiza Kamba zaidi. Alikipasua kiti palipo na ufa akamwonyesha. Ndani kulikuwa na vitundu vidogo vidogo tele, kama mkate.

"Haya ni maji," alisema. "Yameingia na nyuzi, yakageuka mvuke ndani ya plastiki ya moto. Mlemle yalimotoka ndimo kiti kilimovunjikia. Uliniambia ni kavu."

"Zilikuwa kavu."

"Kavu vipi?"

Kamba alichukua fungu la nyuzi, akalinyunyizia, akalikung'uta, akalibandika shavuni. "Hivi. Haziloweshi shavu. Zikizidi kukauka hapo zinakatika, huzisokoti."

Mhandisi alilishika lile fungu, akaacha kutafuna. Alilipima kwenye mizani, akalitia katika tanuri dogo la umeme, na lilipotoka akalipima tena. Lilikuwa limepungua. Akalirudisha, likapungua tena. Walifanya hivyo mpaka mizani ikakataa kushuka.

"Kumbe tulikuwa tunasema neno moja, kila mtu na lake," alisema. "Ningekuuliza mapema."

"Na mimi ningeacha mazoea ya bandani," Kamba alijibu. Kuanzia siku hiyo pale karakanani kukawa na kavu ya kamba na kavu ya kiti, na aliyesema "kavu" bila kumalizia alirudishwa akaseme upya.

Kiti cha pili kilitengenezwa kwa kavu ya kiti. Nyuzi zilimchoma Kamba vidole mpaka akafunga vitambaa, lakini tone la maji hakuligusa. Safari hii mifuko ya mchanga ilipangwa juu yake, ikaongezwa, na hakuna aliyebembelezwa. Kilipofika nyumbani mama alikitazama kwa muda mrefu.

"Na hiki?"

"Hiki kaa, mama."

Mama alikaa. Akasubiri. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia. Kiti kilikuwa kimya. Mdogo mtu akaja na kichanga, lakini bibi akainua mkono.

"Bado. Siweki mtoto kabla sijaweka mzigo." Akamgeukia Kamba. "Njoo nikupakate."

"Mimi, mama? Na umri huu?"

"Nani kakitengeneza?"

Kamba alikuwa na watoto waliokwisha kuoa. Hata hivyo alikwenda, akajishikiza kwenye mapaja ya mama yake huku nyayo zake zikisaidia chinichini. Mdogo mtu aliziba mdomo asicheke.

"Inua miguu," mama alisema. "Usinifunge kamba."

Akainua. Uzito wote wa watu wazima wawili ukakiangukia kiti, na kiti hakikutoa hata mnong'ono. Kamba alihisi mikono ya mama yake ikimzunguka kiunoni, minene na yenye joto, na hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Haya, shuka," mama alisema. Lakini mikono haikuachia, wala Kamba hakushuka, mpaka kichanga kilipoanza kulia.