Nilitumwa kitanda cha mama mkwe, nikarudi na karavani bovu

Wakuu, poleni na majukumu.

Niweke wazi mapema, haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Igogo, na ushahidi bado umeegeshwa pale barabara inapoishia chini ya mlima. Mwenye wasiwasi aje aone, ila asiguse mlango. Nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda Mkuyuni sokoni, nikichelewa kidogo naanza kukumbuka kochi langu. Shemeji yenu husema siku nikifa itabidi nibembelezwe ndio nitoke nikazikwe.

Sasa bwana, shemeji yenu alikuwa mjamzito, mimba ya pili, na mama yake alikuwa anakuja kutoka Ukerewe kumhudumia akijifungua.

Shida ni kwamba kwao mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hata mvua inyeshe mawe. Alipozaliwa Neema, mtoto wetu wa kwanza, bibi alikuja asubuhi, akamwogesha mjukuu, akawahi kivuko cha mchana kurudi. Shemeji yenu alilia. Mimi nikajifanya natengeneza redio.

Safari hii tukajipanga. Jirani wa chini ana chumba cha kupangisha, tukamwahidi kodi. Kilichobaki kitanda tu. Nikatumwa Ilemela kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anauza vitu vyake.

Kazi rahisi. Kitanda kina miguu minne, hakiwezi kumchanganya mtu mzima.

Nikafika. Nyuma ya nyumba, katikati ya mawe, nikaliona.

Karavani wakuu. Ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo wazungu huivuta nyuma ya gari. La zamani kweli, kuna mzungu aliliacha hapo akaenda zake. Ubavu mmoja umebonyea kama sufuria iliyoangushwa, paa lina matundu, sakafu imeoza, dirisha limezibwa na mfuko wa saruji. Mzee alikuwa anafugia kuku. Mtetea mmoja mwekundu alikuwa analalia mayai kwenye sinki, akaniangalia kama mtu niliyeingia bila hodi.

Nikapenda hapo hapo.

Nikawaza, hii ndiyo safari pekee inayonifaa. Mtu unasafiri huku uko kwako. Nalifanyia restoration, tunaenda hadi Musoma, asubuhi nafungua mlango wangu mwenyewe naliangalia ziwa.

Kwamba sina gari la kulivuta, halikunijia. Kwamba sina leseni, nalo pia.

"Kijana, si ulisema umefuata kitanda?" mzee akauliza.

"Humu ndani hakuna kitanda, mzee?"

"Kimo."

"Basi."

Pesa ya kitanda na ya kodi ya chumba zikaishia pale.

Likavutwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichokuwa kinahema kuliko mimi. Njiani kila kijiwe cha bodaboda wanadhani ni kibanda cha chakula, wanapiga kelele, "Chipsi mayai bei gani?" Yule kuku tulimtoa mara kadhaa, anarudi kupitia tundu la sakafu. Mwishowe tukamwacha. Naye alikuwa abiria.

Shemeji yenu akashuka kutoka nyumbani kwetu, juu kwenye mawe, mkono kiunoni.

"Kitanda kiko wapi?"

"Kimo ndani."

"Na hiki kilichokimeza?"

"Vimekuja pamoja."

Akalizunguka lote, polepole. "Baba Neema, wewe hata harusini huendi. Umenunua nyumba ya kusafiria. Huyu ni kambale amenunua viatu."

Nikaanza matengenezo. Kwa kuwa mafundi wa karavani Mwanza sijui kama wapo, nikamwita Masatu, rafiki yangu, fundi mitumbwi. Akaangalia paa, akakuna kichwa.

"Mimi nimezoea maji yanayoingia kwa chini. Haya yako yanaingia kwa juu. Tuligeuze?"

Msinicheke, nilifikiria.

Tukaziba nyufa kwa pamba kama mtumbwi, tukapiga mbao sakafuni, tukalipaka rangi ya bluu ya boti. Wakati huo jirani kachoka kungoja kodi, chumba kampa mpangaji mwingine. Kwa hiyo ikawa mama alale kwenye karavani, au kivuko cha mchana tena.

Siku ikafika. Mama akashuka na begi lake na ndoo ya dagaa ya zawadi. Nikasimama mbali kama adabu inavyotaka, uso pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaliangalia karavani kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia binti yake.

"Muulize mumeo, hili paa ni la nani?"

Wakuu, sijui nani alinituma. Kabla shemeji yenu hajafungua mdomo nikajibu kwa kifua mbele, "Ni langu mama. Nimelitengeneza kwa mikono yangu."

Masatu aliacha brashi hewani.

Mama akakalia begi lake. "Muulize kivuko cha mchana kimeshaondoka?"

Shemeji yenu alishika tumbo akaniangalia tu. Ningefurahi angenitukana.

"Nampa mke wangu," nikasema haraka.

"Mwambie cha mkewe ni chake."

"Basi nampa mtoto aliye tumboni."

"Muulize mtoto huyo ni wa ukoo wa nani."

Masatu akasema kwa utani wake, "Si umuuzie tu mama mwenyewe?"

Nikacheka. Mama hakucheka. Akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Muulize analiuzaje."

Tukaanza biashara, mimi na mama mkwe hatutazamani, shemeji yenu katikati kama mkalimani wa mkutano wa injili.

"Mwambie ubavu umebonyea."

"Mwambie mama ni wa kuegemea huo."

"Mwambie sakafu inalia."

"Mwambie ni mbao mpya, bado zina aibu."

"Mwambie asinichezee. Namlipa ndoo hii ya dagaa, na kuku awemo."

Dagaa wale, wakuu, walikuwa zawadi yetu. Nimelipwa kwa mali yangu mwenyewe. Nikakubali, Masatu akawa shahidi.

Mama akachukua begi, akaingia kwake, akafunga mlango. Shemeji yenu akakaa kwenye jiwe akacheka hadi nikadhani uchungu umeanza.

Ulianza kweli siku chache baadaye. Dume. Bibi yake anapanda mlima kila asubuhi kumwogesha, na mayai ya kwenye sinki anakula mzazi.

Sasa mjue kitu kimoja. Mama halali kwangu, na mimi sikanyagi kwake. Karavani lile nililolitolea jasho sijawahi kusinzia ndani yake hata kidogo. Paa likivuja napanda kwa nje, naye ananigongea kwa mwiko kutoka ndani kunionyesha panapovuja. Hatusemezani. Mwiko ukinyamaza najua nimepatia.

Juzi nasikia kapata lori la kulivuta hadi kivukoni, arobaini ya mtoto ikiisha analipeleka Ukerewe. Nikamtuma shemeji yenu aulize, kwa heshima zote, kama na mimi nitakaribishwa huko.

Jibu likaja: "Mwambie karibu sana. Ila atafute pa kulala."

Nililojifunza: mama mkwe akikuuliza kitu ni cha nani, kaa kimya kwanza umsikie anakoelekea.

Haya, mliowahi kufanya biashara na wakwe njooni mseme mlivyotoka. Na mwenye kitanda cha kuuza hapa Mwanza anijulishe. Atatumwa mtu mwingine kukifuata.