Nilivyoushona Mti wa Mama

Enzi zetu pale mtaani Al Baraha, huku ughaibuni kwenye joto la jangwa, nyumba nzima ilikuwa na AC moja, na hiyo moja ilikuwa ya mti. Nyie wa rika langu msicheke, mnawajua mama zetu. Baba alinunua mche wa azalia, mti mdogo wa maua, kule Deira, muuzaji akamwambia unapenda baridi. Mama, mshona nguo kutoka Unguja, hakutaka kusikia zaidi. Chungu kikawekwa chumbani kwetu chini ya AC, mimi na dada yangu Rukia tukahamishiwa ukumbini kwenye feni inayokoroma.

"Nyie mkisikia joto mnasema," alituambia. "Huu una mdomo?"

Kila asubuhi Mama alininywesha kijiko cha mafuta ya samaki. Harufu yake, weee! Siku moja nikakimbia shavu limejaa, nikayatema chunguni. Ikawa ndiyo ada yangu.

Baridi ilipoingia, majani yakageuka manjano, kisha yakapukutika yote. Vikabaki vijiti. Yarabi, nimeua mti wa Mama! Rukia, badala ya kunifariji, akaniuliza kama godoro langu anaweza kulichukua nikishafukuzwa.

Mama alipokwenda sokoni, nikachukua sindano na uzi mwekundu penye cherehani, nikaanza kuyashonea majani makavu vijitini, moja moja, huku nalia. Mengine yalinivunjikia mkononi.

Mama akarudi, akasimama mbele ya chungu. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, niliunywesha dawa yangu. Umekufa."

Alicheka mpaka akakaa chini, mtandio ukamdondoka. "Khalas, basi tena, mwanangu! Huu kila baridi hupukutika. Umelala tu." Akaukagua mshono wangu, akaguna. "Lakini kushona hujui."

Kesho yake nilipewa vijiko viwili, akasimama mpaka nikameza. Mti ulipochanua maua ya rangi ya chungwa, hakukubali katu kwamba mafuta yangu yalisaidia.

Leo binti yangu ana azalia yake hapa kwetu Al Qusais. Juzi imepukutika. Watoto wa siku hizi, bwana! Kaipiga picha, simu ikamwambia imelala, karudi zake kwenye michezo. Sawa, kweli imelala. Ila mimi moyo ulinishtuka vilevile, nikainama kuyaokota majani peke yangu, na Mama wa kunicheka hayupo tena.