Namba Saba Yuko Hewani

Mama alifanya kazi katika chumba cha redio. Si redio ya nyimbo na habari, ni ile ya kuongea, ambayo watu wa nyumbani waliita simu ya upepo. Shirika lililomwajiri lilikuwa na zahanati ndogondogo kando ya ziwa na visiwani, mahali ambapo waya za simu hazijafika, na kila zahanati ilikuwa na redio yake, betri ya gari, na paneli ya jua juu ya bati. Mama alikaa Kisumu mbele ya redio kubwa akiziita moja baada ya nyingine kila asubuhi. Hewani hazikuwa na majina. Zilikuwa na namba.

Namba Saba alikuwa ndugu yangu mkubwa. Alikuwa nesi kisiwani, peke yake, pamoja na mama mmoja wa kufagia.

Mimi ni mtu wa haya, siwezi kuficha. Hata nyumbani maneno yalikuwa yananishinda. Mama akiniita kutoka jikoni nilikuwa nagonga meza kwa kalamu, na huo ndio ulikuwa mwitikio wangu. Ndugu yangu hakuwa hivyo. Siku za likizo nilikuwa nakaa na Mama kwenye chumba cha redio, na wengine wote wakiitwa walisema wana wagonjwa wangapi na dawa gani imeisha. Yeye alianza na mambo yake. "Mama, hapa omena iko, unga iko, bibi ndio hakuna. Ova." Vituo vyote vilikuwa vinasikia, kwa sababu hewa ni moja, na mzee wa kituo cha Kombewa alidakia kwamba bibi atamtafutia, lakini ng'ombe alete mwenyewe. Mama alijifanya kukasirika. Alikuwa anaficha kicheko kwa kushika maikrofoni mbali na mdomo.

Halafu shirika likaleta sanduku jipya la kuunganishwa na redio. Fundi alikuwa mtu wa Kaloleni, Mwislamu, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi mpaka niliogopa hata kumsalimia. Alimweleza Mama kwamba kazi ya sanduku ni kujua nani yuko na nani hayuko. Kila nusu saa litaita redio zote, moja moja, na kila redio itajibu yenyewe kwa mlio mdogo, pi pi pi, bila mtu kuigusa. Ikijibu, taa yake inakuwa ya kijani. Isipojibu mara tatu mfululizo, taa inakuwa nyekundu na kengele inalia. Hiyo mara tatu walibishana sana. Fundi alisema wakiweka mara moja tu, kengele itapiga kelele kila mvua ikinyesha ziwani. Wakiweka mara nyingi, betri itakufa mahali na hakuna atakayejua.

Mama alifurahi. Koo lilikuwa limeanza kumsumbua kwa kuita. Tangu siku hiyo aliacha kuita kwa sauti. Mwenye shida angeongea mwenyewe. Alikuwa anaangalia taa ya saba, anasema, "Yuko hewani," kisha anakunywa chai yake.

Msimu wa mvua ndefu Namba Saba, ambaye alikuwa bado anaongea kila asubuhi bila kuitwa, alinyamaza. Siku ya kwanza Mama alisema labda amejaza wagonjwa. Siku ya pili alisema hivyo hivyo, ila polepole. Taa ilikuwa ya kijani.

Siku iliyofuata sauti ilitoka kisiwani, lakini haikuwa yake. Alikuwa ni yule mama wa kufagia. Hakuwa amewahi kushika maikrofoni, na hakujua kwamba ukimaliza kusema lazima uachilie kitufe ndipo mwingine akujibu. Alikishikilia tu. Alilia kwa Dholuo, akasema malaria ilipanda kichwani, akasema kijana alikuwa amelala chini kando ya redio muda huo wote, akasema sasa amefunikwa shuka. Mama alikuwa anauliza, anauliza, na hakuna neno lake hata moja lililofika.

Tulimzika nyumbani. Mama aliporudi kazini alikuta taa bado ni ya kijani. Zahanati ilikuwa imefungwa, lakini redio ilikuwa haijaletwa, kwa sababu baada ya mazishi gugu maji lilikuwa limeziba ufuo na boti haikuweza kupita. Kwa hiyo jua lilikuwa linaijaza betri, na kila nusu saa sanduku liliuliza na kisiwa kikajibu. Mama alikuwa anaungoja ule mlio. Mlio ukija, niliona midomo yake ikisogea.

Hatukujua angekaa hivyo mpaka lini. Kisha zahanati mpya ikafunguliwa upande wa Sondu, na fundi akarudi. Nilikuwa nimetoka shule, nimekaa kwenye kona na sare yangu.

"Mama, nafasi za sanduku zimejaa," alisema. "Lazima moja itoke."

"Itoke gani?"

Fundi alionyesha taa ya saba kwa kidole.

"Hii si inajibu?" Mama alisema. "Wewe mwenyewe uliniambia ikijibu, yuko."

"Nilisema redio iko, mama yangu. Sanduku halijui mtu."

Mama akamuuliza kama anaweza kuliweka lisiwashe kijani mpaka mtu abonyeze kwa mkono wake. Fundi alifikiri kweli, hakumdharau. Akasema haiwezekani, kujua kama mtu yuko ni ile kazi Mama aliyokuwa akiifanya kwa mdomo.

Hapo ndipo sauti ya msichana ikatoka kwenye redio kubwa. Alikuwa nesi wa Sondu, ametoka chuo juzi tu. "Kisumu, Kisumu, mnanipata? Hapa sijui kama kuna mtu ananisikia." Akarudia. Alikuwa anaogopa, ilisikika.

Mama alichukua maikrofoni, lakini hakumjibu yeye kwanza.

"Namba Saba, Namba Saba, hapa Kisumu." Akaachilia kitufe. Upepo tu. "Wuoda, mwanangu, ongea."

Taa ilikuwa ya kijani muda wote huo.

"Toa," alimwambia fundi.

Taa ilizimika bila kuwa nyekundu, na kengele haikulia. Sanduku halikuwa limempoteza. Lilikuwa limeacha kumuuliza tu. Mama akamjibu yule msichana kwamba anampata vizuri, asiogope. Namba yake ilikuwa ni saba sasa, lakini Mama hajawahi kumwita hivyo. Humwita Sondu.

Asubuhi siku hizi anaita vituo vyote kwa sauti, hata kama taa zote ni za kijani, na koo lake limeharibika kabisa. Mimi wakati mwingine nikiwa darasani nafikiria ile redio kisiwani, imejaa jua, inangoja kuitwa.

Jioni ya siku ile fundi alipoitoa Namba Saba, Mama aliniita kutoka jikoni. Nikagonga meza. Alikuja mpaka mlangoni, mwiko mkononi.

"Usinigongee meza," alisema. "Niitikie na mdomo."

"Niko hapa, Mama."

Akarudi jikoni. Baada ya muda akaniita tena. Hakuwa na kitu cha kunituma.

"Niko hapa," nikasema.