Damari Alihesabu Dakika Nzima

Nyinyi wasichana mnaosomea unesi, mwalimu wenu ameniomba niwaeleze nilivyougua. Mimi ni Rael Chepkoech. Miaka ya hamsini niliishi Keringet kwenye shamba la mzungu. Nilichuma maua ya pareto, na mume wangu, Kiprono, alikamua ng'ombe. Nilikuwa na nguvu zangu, na mtoto wetu Kibet alikuwa na miezi minne.

Ilianza msimu wa mvua. Nilitetemeka shambani mpaka kikapu kikaniponyoka. Kesho yake kichomi kikanishika ubavu wa kushoto. Nilikohoa makohozi ya rangi ya kutu. Maziwa yakakauka. Kiprono akaniombea nafasi kwenye lori la shamba, nikapelekwa hospitali Nakuru. Kibet akabaki na mama mkwe wangu.

Nilidungwa penisilini siku tano, homa ikashuka. Daktari akasema, "Jumamosi aende nyumbani." Ubavu ulikuwa bado unauma, na kila jioni jasho lililowesha shuka, lakini nilinyamaza. Kila aliyeniuliza nilimwambia nimepona. Nilimtaka mtoto wangu.

Ijumaa asubuhi akaja Damari, mwanafunzi wa unesi kutoka Maragoli. Alishika mkono wangu kama anayepima mshipa, kumbe macho yake yako kifuani pangu. Akahesabu pumzi zangu kwa saa dakika nzima. Kisha akaniketisha, akaweka viganja vyake viwili mgongoni.

"Mama Kibet, vuta pumzi."

Nikavuta. Nikakunja uso.

"Unapumua mara thelathini na nane kwa dakika, na kiganja changu cha kushoto hakisogei ukivuta pumzi. Mbona unaniambia umepona?"

Nikaanza kulia. "Nina mtoto mchanga, sista. Usiwaambie."

"Nisipowaambia, huyo mtoto atakuzika."

Alikwenda kwa nesi mkubwa. Nilisikia akikaripiwa: "Chati inasema ishirini! Wewe umeanza kusoma juzi!" Damari hakuondoka. "Tafadhali, njoo umhesabu mwenyewe."

Nesi mkubwa akaja, akahesabu. Akamwita daktari.

Daktari alinigonga mgongoni kwa vidole. Kulia kulilia kama debe tupu. Kushoto kama debe lililojaa. Akachoma sindano katikati ya mbavu, ukatoka usaha mzito, unanuka. Wakaniwekea mpira ubavuni, usaha ukawa unadondoka kwenye chupa kando ya kitanda wiki tatu. Damari alinisafisha, akanigeuza, akanifundisha kupumua kwa kina huku nimekumbatia mto. Iliuma kuliko kujifungua.

Niliporudi, Kibet hakunijua. Alilia akamng'ang'ania bibi yake. Siku ya nne ndipo alipokubali nimbebe.

Namshukuru Mungu, na namshukuru yule msichana aliyekubali kukaripiwa kwa ajili yangu. Wagonjwa wasimfiche nesi maumivu. Nanyi wasichana, mgonjwa akiwaambia amepona, msiandike kwanza. Tazameni kifua chake, mhesabu pumzi zake dakika nzima. Huenda anadanganya kwa sababu kuna mtoto anamsubiri.