Neno Chini ya Alama

Wiki iliyopita nilipanda tena kilima cha Old Kampala, na wewe uliyekulia kule utanielewa nikisema nilipotea. Yale maduka ya zamani ya Wahindi, yenye vibaraza vipana, mengi yamebomolewa yakajengwa maghorofa ya vioo. Nyuma ya duka mojawapo ndipo tulipopanga chumba, mama na mimi, miaka michache baada ya vita. Tulikuwa tumetoka Kenya. Mama alifuata samaki mwaloni Ggaba alfajiri akawakaanga barazani, na harufu ya mafuta haikutoka kwenye sare yangu hata niifue vipi.

Nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Darasani nilijibu kwa kichwa. "Kuuliza si ujinga," mama aliniambia kila asubuhi, nami nikaitikia kwa kichwa vilevile.

Muhula ulipokwisha nilileta ripoti. Mama hakujua Kiingereza, akampa jirani yetu, Mnubi mshona nguo aliyewahi kufua vitambaa vya meza hotelini. Jirani akasoma polepole maneno ya mwalimu: "She is reserved." Akakunja uso.

"Hii neno najua. Hoteli walikuwa naweka juu ya meza. Maana yake iko na mwenyewe tayari, mwingine asikalie."

"Mwenyewe?" Mama aliwasahau samaki kikaangoni. "Binti yangu wa miaka kumi ana mwenyewe?"

Samaki waliungua. Kesho yake alinishika mkono hadi shuleni, aproni ikiwa bado kiunoni. Mwalimu wangu alikuwa Mganda mpole, mwenye sauti ya chini hata darasa zima tulizoea kuinama mbele kumsikia. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, hakucheka. Akachukua chaki, akaandika ubaoni maneno manne.

"Nyabo," akamwita mama kwa heshima ya Kiganda, "tazama. *Shy*, huyu naona haya. *Timid*, huyu naogopa. *Dull*, huyu akili iko nzito. *Reserved*, huyu iko na maneno mingi, lakini naweka ndani."

Mama aliutazama ubao asioweza kuusoma. Kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo si mjinga?"

Hapo nilielewa alichokuwa akikiogopa miaka yote.

"Si mjinga hata kidogo," mwalimu akasema, akanipa chaki. "Wewe mwenyewe andika uko aina gani."

Nilikwenda ubaoni. Nikaandika neno la tano: *quite*.

Mwalimu akatabasamu. "*Quiet*, huyu nanyamaza. Geuza herufi mbili tu."

Tulirudi nyumbani. Njiani mama alininunulia gonja, ndizi mbili tamu za kuchoma, akasimama akinitazama nikila, kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana.

Chumba kile hakipo tena. Jirani alihamia Bombo, na mwalimu, nasikia, alistaafu akarudi kwao Masaka. Mama yuko Kakamega, mzee sasa, na maneno yake yamepungua. Nikienda kumwona tunakaa jikoni tukichambua mboga asubuhi nzima, na hakuna anayemuuliza mwenzake ana nini.