Kufuta Pazia Ndani ya Eda

Mume wangu alipofariki sikulia. Nalisema mapema kwa sababu mtaa mzima hapa Kilwa Masoko uliliona, na mama mkwe wangu aliliona kuliko wote. Watu walilia mpaka wakashikiliwa, mimi nauliza kama jikoni chumvi imetosha. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi.

Nikaingia eda. Nguo nyeupe, ndani kutwa, wanaume wa nje wasinione, na dirisha letu la sebuleni linatazama barabara. Bahati nzuri, marehemu alishaweka pazia za vipande, zile za ofisini za kugeuza kwa kijiti, alizozipata Lindi ofisi moja ilipokuwa inabadilisha vitu vyake. Majirani walimtania, wakamwita bwana meneja. Hakujali. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alivaa soksi kuukuu mkononi, akailowesha kidogo, akapitisha kipande kimoja kimoja kuanzia juu, ili vumbi lisidondokee alipokwisha kufuta. Mimi sikuruhusiwa kugusa. Alisema nina papara, na kweli ninayo.

Alipoondoka vumbi likajikalia. Nililiona, nikaliacha.

Wifi yangu, dada yake marehemu, hakuliacha. Arobaini ilipokaribia, na wageni watakuja, akazishusha pazia za sebuleni, akazitumbukiza kwenye beseni la maji ya kisima na sabuni ya unga, kisha akazisugua kwa kumbi la nazi na mchanga. Ndivyo tunavyong'arisha masufuria huku kwetu, na masufuria ya wifi yangu unajiona uso. Lakini kisima chenyewe ni cha maji ya chumvi. Zilipokauka, rangi imebanduka, kamba zimekakamaa, vipande havifungi. Tukatundika kanga dirishani. Mimi na ulimi wangu huu, siku nyingine angenitambua. Nikasema ahsante, wifi.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. Jioni akanijia chumbani, wala hakupandisha sauti.

"Hivi wewe ulimpenda mwanangu, au ulikuwa unaishi naye tu?"

Mtu mzima amemzika mtoto wake, alichotaka ni mwenzake wa kulia naye. Ningekuwa na machozi ningempa, wallahi. Tangu siku hiyo, asubuhi nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba ya mdomoni, na akinihitaji alimtuma wifi aje kuniambia, nami nimekaa chumba cha pili. Nililisikia hilo, halikufika moyoni.

Likabaki pazia la chumbani. Wifi akasema analishusha nalo. Nikamwambia asiliguse, nitalifuta mwenyewe. Akashangaa, maana kwa wiki nyingi sikuwa nimekataa kitu.

Asubuhi nikatafuta soksi, nikaivaa mkononi. Kazi inaanzia juu, basi nikavuta stuli, nikapanda, nikanyoosha mkono. Vipande vya juu kabisa sikuvifikia. Marehemu alikuwa mrefu, alivifuta amesimama sakafuni. Nikajaribu kwa ncha za vidole, vumbi likaniingia machoni, nikaudhika. Nikaita, kwa sauti yangu ya kila siku:

"Bwana, njoo unifikie hapa juu."

Nikabaki juu ya stuli, mkono hewani, nasubiri. Kweli nilikuwa nasubiri, na nilishaanza kununa kwamba anachelewa. Uani wifi aliacha kufagia.

Mama mkwe ndiye aliyekuja. Alisimama mlangoni, kashika fremu kwa mikono miwili.

"Hayupo, mwanangu," akasema.

"Haya," nikamjibu, kama mtu aliyeambiwa mumewe katoka kidogo.